Rejesho la kodi la miaka ya nyuma Marekani: ufaili mwenyewe, uende VITA (msaada wa bure wa watu wa kujitolea), au umlipe mtu?

Tarehe 15 Aprili 2025 ilipopita, mwaka wa kodi wa 2021 ulifungwa. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ilikuwa imekadiria kwamba watu wapatao milioni 1.1 hawajawasilisha ritani (fomu ya kutangaza mapato na kodi) ya mwaka huo, na kwamba fedha zao zilizokuwa zikiwasubiri zilizidi dola bilioni moja. Nusu yao walikuwa wakidai zaidi ya dola 781 kila mmoja. Huo ndio pia mwaka uliokuwa na malipo ya dola 1,400 ya wakati wa korona, ambayo asiyeyapata alitakiwa kuyadai kwenye ritani hiyo hiyo. Asiyetuma karatasi zake kwa wakati, fedha yake sasa ni ya Hazina ya Marekani. Sheria inawapa nafasi zaidi watu wachache, kama mgonjwa asiyeweza kabisa kusimamia fedha zake, askari aliye kwenye eneo la vita, na watu wa maeneo yaliyotangaziwa maafa. "Sikujua" haimo kwenye orodha.

Miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili huku, ninaowaona wakipoteza fedha hizi ni wale waliofanya kazi kipindi kifupi: miezi mitatu ghalani kisha wakahamia jimbo lingine, mwaka wa kwanza baada ya kuingia nchini, au kazi ya chuoni ya saa chache kwa wiki. Mshahara ulikatwa kodi, fomu ya W-2, ile ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, ikatumwa kwenye anwani ya zamani, mambo yakaisha hapo. Wengine wanajua kabisa kwamba hawakufaili, ila wanaogopa faini. Hofu hiyo inafaa iondoke mapema. Faini ya kuchelewa hupigwa juu ya kodi unayodaiwa, kwa hiyo kama serikali ndiyo inayodaiwa na wewe, hakuna faini. Ambalo hutapata ni riba ya miaka uliyokaa kimya. IRS huanza kulipa riba pale tu ritani yako iliyochelewa imeshafika na wao wakakawia zaidi ya siku 45 kukulipa.

Nina angalizo moja kabla hatujalinganisha njia. Kama mwaka huo uliendesha gari la abiria au kupeleka vyakula kwa kupitia programu ya simu, ukapewa fomu ya 1099, ya malipo ya asiyeajiriwa, badala ya W-2, hakuna kodi iliyokatwa njiani, na faida ya kuanzia dola 400 inakulazimu kufaili na kulipa kodi ya aliyejiajiri. Huenda wewe ndiye mdaiwa. Bado unatakiwa kufaili, lakini usiingie ukitarajia hundi.

Tarehe mbili, na moja haitangazwi

Hesabu ya tarehe ya mwisho ni rahisi. Chukua mwaka uliopata mshahara, ongeza minne, andika 15 Aprili. Mshahara wa 2022 unadaiwa mpaka 15 Aprili 2026, wa 2023 mpaka 15 Aprili 2027, na wa 2024 mpaka Aprili 2028. Sababu yake ni kwamba kodi iliyokatwa kwenye mshahara huhesabiwa kuwa ililipwa 15 Aprili ya mwaka unaofuata, na sheria hurudi nyuma miaka mitatu tu kutoka siku unayodai. Aliyeomba muda wa nyongeza wakati ule kwa fomu 4868 anaongezewa miezi ile sita. Wengi hatukuomba.

Tarehe ya pili ndiyo inayowaangusha watu. Mfumo wa kielektroniki wa IRS hupokea ritani za mwaka wa sasa na za miaka miwili ya nyuma, basi. Kila mwaka mfumo huo husimamishwa mwishoni mwa Novemba kwa matengenezo, na unapofunguliwa tena Januari, mwaka wa zamani kuliko yote huwa umesukumwa nje. Ina maana ritani ya 2023 inaweza kutumwa kwa kompyuta mpaka karibu na Novemba 2026. Kutoka hapo hadi 15 Aprili 2027 inakwenda kwa posta peke yake. Kwa maneno mengine, kompyuta inafunga miezi kama mitano kabla ya sheria kufunga.

Hili linabadilisha ulinganisho wote. Mtu akikuambia njia rahisi ni programu ya kompyuta, muulize mwaka gani. Katika miezi ya mwisho, programu, mtu wa kujitolea na mhasibu wa bei kubwa wote wanafikia pale pale: karatasi zilizochapwa, saini ya kalamu, bahasha na foleni ya posta. Kinachobaki kuchagua ni nani anakujazia karatasi hizo, na nani atasimama nawe barua ya IRS ikija.

Uliwahi kufaili mwaka huo, au la?

Hizi ni hali mbili tofauti na watu huzichanganya. Ambaye hakufaili kabisa anatuma ritani ya kawaida, fomu 1040 ya mwaka ule. Lazima iwe ya mwaka ule hasa, kwa kuwa viwango hubadilika. Punguzo la kawaida, yaani sehemu ya mapato isiyotozwa kodi, kwa mtu asiye na ndoa lilikuwa dola 12,950 mwaka 2022, kisha dola 13,850 mwaka 2023. Ukijaza hesabu za 2022 kwenye fomu ya 2023, umejipunja au umejizidishia, na vyote viwili vitarudi kukusumbua. Fomu za zamani zote zipo bure kwenye tovuti ya IRS.

Ambaye alifaili lakini akasahau kitu, kwa mfano hakumwandika mtoto au alipata W-2 ya pili baadaye, anatumia fomu ya marekebisho, 1040-X. Saa yake ni tofauti kidogo: miaka mitatu tangu alipofaili, au miwili tangu alipolipa kodi, ile inayoisha baadaye zaidi. Aliyefaili Februari huhesabiwa kama aliyefaili siku ya mwisho ya msimu. Kama mwaka huo ulifaili Oktoba kwa nyongeza ya muda, una nafasi zaidi ya mwenzako. Marekebisho kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 12, na yanaweza kufika 16.

Wanafunzi wenye viza ya F-1 wana tawi lao. Katika miaka mitano ya kwanza ya kalenda, wengi wao ni wageni kwa macho ya sheria ya kodi. Fomu yao ni 1040-NR, punguzo la kawaida si lao, na mishahara yao haikutakiwa kukatwa Social Security na Medicare (michango ya pensheni na matibabu ya uzeeni), ambazo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Mwajiri akizikata kwa makosa, mwanzie yeye. Akikataa kurudisha, dai kwa IRS kwa fomu 843 pamoja na 8316. Miaka mitatu ile ile inahusika. Ninasikitika kuona wanafunzi wakidai rejesho la dola 90 la kodi ya mapato huku mamia ya dola za Social Security yamelala bila mdai.

Karatasi, kwa njia yoyote utakayochagua

Bila rekodi ya mshahara hakuna njia inayosonga. Mwajiri wa zamani ndiye wa kwanza kuulizwa. Akiwa amefunga biashara au hapokei simu, fungua akaunti yako ya mtandaoni ya IRS ukachukue nakala ya mapato ya mwaka ule, ambayo inaonyesha W-2 na 1099 zote zilizoripotiwa kwa jina lako hadi miaka kumi nyuma. Kufungua akaunti kunahitaji kitambulisho na picha ya uso. Wanaokwama hapo hujaza fomu 4506-T na kuituma, na hiyo inakula muda, kwa hiyo usiianze Aprili. Ipo pia fomu 4852 ya kukadiria mshahara pale W-2 inapokosekana kabisa, lakini iweke iwe ya mwisho.

Nakala ya IRS ina pengo: haionyeshi kodi ya jimbo iliyokatwa. Kama jimbo lenu linatoza kodi ya mapato, bado unahitaji W-2 yenyewe au angalau hati ya mwisho ya malipo ya mwaka huo. Majimbo nayo yana saa zao. California inatoa miaka minne tangu siku ya mwisho ya awali, Minnesota mitatu na nusu. Wa Texas, Washington na Florida hawana la kudai kwa jimbo, kwani mishahara haitozwi kodi huko.

Wale wa nambari za utambulisho wasikilize hapa. Nafuu ya wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC, inamtaka mdai, mwenzi wake na watoto wawe na nambari za Social Security zilizotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kufaili ya mwaka ule, pamoja na nyongeza ya muda kama iliombwa. Familia iliyopata nambari hizo baadaye haiwezi kurudi nyuma na kudai EITC ya miaka ya kabla. Nafuu ya mtoto nayo ina sharti kama hilo kwa nambari ya mtoto. Mtayarishaji akikuahidi kwamba "tutarudi miaka mitatu yote" bila kuuliza nambari zilitolewa lini, ama hajui sheria ama anajua na hajali.

Njia nne, upande kwa upande

| Njia | Gharama | Inamfaa nani | Pa kuangalia |
|---|---|---|---|
| Mwenyewe kwa karatasi | Posta tu | W-2 moja au mbili, hakuna mtoto | Fomu ya mwaka usio wake, kusahau saini |
| Programu ya kompyuta ya mwaka ule | Hutofautiana, mara nyingi miaka ya nyuma hulipiwa | Anayesoma Kiingereza vizuri na ana watoto | Mwaka wa mwisho lazima uchape na kutuma |
| Kituo cha VITA | Bure | Kipato cha chini na cha kati, wageni wa lugha | Si kila kituo hufanya miaka ya nyuma |
| Mtayarishaji wa kulipwa | Makubaliano | Biashara ndogo, 1040-NR, miaka mingi kwa pamoja | Asiyesaini, anayetoza asilimia |

Jedwali halionyeshi uzito wa kila safu, na uzito huo hutegemea nini kimo ndani ya ritani yako. Nichukue mifano miwili.

Tuseme kijana asiye na ndoa wala mtoto alipata dola 11,000 mwaka 2022, na W-2 yake inaonyesha alikatwa kodi ya shirikisho ya dola 640. Mapato yake yako chini ya punguzo la kawaida la dola 12,950. Kodi yake ni sifuri, dola 640 zote ni zake, na kama alikuwa na umri wa miaka 25 hadi 64 anaongezewa EITC ndogo, ambayo kwa wasio na watoto mwaka ule haikuzidi dola 560. Ritani hii ina mistari michache mno. Akimlipa mtu dola 250 kuijaza, amegawa fedha yake bure. Kwa kijana huyu ninashikilia kwamba kalamu inatosha, na akitaka jicho la pili aende VITA.

Sasa tuseme mama anayelea watoto wawili peke yake, kipato dola 28,000 mwaka ule ule, anafaili kama mkuu wa kaya. Kodi yake kabla ya nafuu ni dola 860. Nafuu ya watoto inaifuta yote na bado inamrudishia dola 3,000 taslimu, kwani mwaka 2022 sehemu ya kurudishwa ilikuwa hadi dola 1,500 kwa kila mtoto. EITC yake inakaribia dola 4,500. Hapo ni zaidi ya dola 7,000, na bado hatujagusa kilichokatwa kwenye mshahara wake. Kosa dogo kwenye ritani kama hii ni ghali: mtoto aliyeandikwa pia na baba yake, au nambari moja iliyokosewa, na dai zima linasimama. Huyu asijaze peke yake kama hajawahi. Aende VITA, na akikosa nafasi, mtayarishaji mwenye sifa.

VITA: bure, lakini uliza swali moja kabla ya kwenda

VITA ni mpango wa watu wa kujitolea waliofaulu mitihani ya IRS. Hukaa maktaba, vituo vya jamii, vyuo na mashirika ya kuhudumia wakimbizi. Kwa msimu wa 2025 kiwango cha kipato kilikuwa takribani dola 67,000 kwa mwaka, na huduma inawalenga pia watu wenye ulemavu na wasiojua Kiingereza vizuri. Wenye miaka 60 na kuendelea wana mpango ndugu unaoitwa TCE. Kila ritani hupitiwa na mtu wa pili kabla ya kuondoka nayo, jambo ambalo watayarishaji wengi wa kulipwa hawalifanyi.

Swali la kuuliza kwenye simu ni hili: je, mnafanya ritani za miaka ya nyuma, na ya mwaka wangu mnaifanya? Vituo vingine vinakataa Machi na Aprili kwa sababu ya foleni ya ritani za mwaka wa sasa, halafu vinazikubali msimu ukipungua. Ukiwa na mwaka unaofungwa Aprili hiyo hiyo, kusubiri msimu upungue ni kuupoteza. Piga simu Januari au Februari. Nambari ya kutafuta kituo ni 800-906-9887. Uliza pia kama kuna mkalimani. Kiswahili hupatikana mara nyingi zaidi pale kituo kinapoendeshwa na shirika la wakimbizi. Mwanafunzi wa 1040-NR atafute kituo cha chuo, maana vya kawaida vingi havijaidhinishwa kwa fomu hiyo.

Udhaifu wa VITA ni kwamba haikusindikizi sana baada ya hapo. Ukipata barua miezi sita baadaye, unaweza kukuta kituo kimefungwa hadi msimu ujao. Ikiwa barua hiyo ni ya ubishi, yaani IRS inakataa dai lako, kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, LITC, zinasaidia bure au kwa ada ndogo, na kuwaelimisha wageni wa lugha ni sehemu ya kazi yao.

Mtayarishaji wa kulipwa, na "yule jamaa anayefaili watu"

Kila jamii yetu ina mtu huyu. Anafaili jikoni kwake au nyuma ya duka, anajua lugha, anajua mambo ya watoto waliobaki kambini, hadai miadi. Wengine ni waaminifu na wana ujuzi kweli. Mtihani wao ni mmoja, nao hauhitaji kumkosea mtu heshima: muulize kaka au dada huyo PTIN yake, yaani nambari ya mtayarishaji itolewayo na IRS, ni ipi, na kama atasaini ritani. Kila anayelipwa kutayarisha ritani lazima awe na PTIN na aweke saini na nambari hiyo chini ya fomu. Anayekujazia, akakupa uitume kana kwamba ulijaza mwenyewe, amejitoa kwenye lawama na kukuachia wewe. Mkimaliza, udai nakala kamili, na uhakikishe nambari ya benki iliyoandikwa ni yako.

Bei ya asilimia ya rejesho ndiyo dalili mbaya kuliko zote. IRS yenyewe huonya watu waikwepe. Anayelipwa asilimia ana sababu ya kuongeza mtoto asiyekuwepo au biashara ya kubuni, na adhabu haimwangukii yeye peke yake. Dai la EITC lililofanywa kwa kupuuza sheria linaweza kukufungia nafuu hiyo miaka miwili, na la udanganyifu miaka kumi. Kwa mama wa watoto wawili niliyemtaja, miaka kumi ni makumi ya maelfu ya dola.

Pale ambapo ningelipa bila kusita ni ritani yenye mapato ya 1099 ya miaka kadhaa, nyumba iliyouzwa, au mali na mapato ya nyumbani Afrika. Hapo tafuta mhasibu mwenye leseni ya CPA au ajenti aliyesajiliwa na IRS, ambao wanaweza kukuwakilisha mbele ya IRS kwa lolote, hata kama si wao waliotayarisha ritani. Mtayarishaji wa kawaida mwenye PTIN tu hana uwezo huo wote.

Kuhusu programu za kompyuta sina mengi. Ni nzuri kwa miaka miwili ambayo bado inapokelewa kielektroniki. Huduma ya bure ya IRS Free File ni ya mwaka wa sasa tu, kwa hiyo usishangae ukitakiwa kulipa kwa mwaka wa nyuma. Wenye F-1 wajihadhari, kwani programu nyingi za kawaida zitawajazia 1040 ya mkazi bila kuuliza.

Kutuma

Kila mwaka uwe na bahasha yake, hata kama unatuma miaka mitatu siku moja. W-2 ibanwe mbele ya fomu. Saini kwa kalamu, na wenye ndoa wanaofaili pamoja wasaini wote wawili, kwani ritani isiyo na saini haihesabiwi kuwa imewasilishwa. Wapo waliopoteza mwaka kwa sababu karatasi zilirudishwa zikasainiwe na Aprili ikawa imepita. Anwani hutegemea jimbo unalokaa; za 1040-NR huenda Austin, Texas.

Linalohesabika ni muhuri wa posta. Bahasha iliyogongwa muhuri 15 Aprili ikafika tarehe 20 bado iko ndani ya muda. Lakini usiitumbukize kwenye sanduku la barabarani, maana muhuri unaweza kugongwa kesho yake kwenye kituo cha kuchambulia barua. Ingia ndani, uombe huduma ya Certified Mail, na risiti yako igongwe muhuri pale dirishani. Hiyo risiti ndiyo ushahidi pekee utakaokuwa nao siku wakisema hawakupokea. Makampuni binafsi ya usafirishaji yanakubaliwa kwa baadhi tu ya huduma zao za haraka zilizo kwenye orodha ya IRS. Usafirishaji wa kawaida wa barabara haumo. Aliyekwisha kurudi Nairobi au Dar es Salaam anaweza kutuma kutoka huko, kwani muhuri rasmi wa posta ya nchi nyingine unatambuliwa, ila asithubutu kuacha mpaka wiki ya mwisho.

Jaza sehemu ya akaunti ya benki kwenye fomu, kwa sababu tangu 30 Septemba 2025 serikali imeanza kuachana na hundi za karatasi. Tena usitume mwaka mmoja peke yake kama na iliyofuata hukufaili. IRS inaweza kushikilia rejesho la 2022 mpaka ione ritani za 2023 na 2024. Inaweza pia kukata humo deni la kodi, matunzo ya mtoto yasiyolipwa au mkopo wa chuo wa serikali uliochelewa, kabla hujapata kitu.

Ritani za karatasi huchukua miezi. Kagua akaunti yako ya mtandaoni mara moja moja, na ufungue kila barua ya IRS. Inayowapata wengi wanaofaili miaka ya nyuma ni ya kuthibitisha utambulisho, kwa mfano 5071C, nayo huja kwenye anwani uliyoandika kwenye ritani. Ukihama ukiwa bado unasubiri, tuma fomu 8822 ya kubadili anwani siku hiyo hiyo, kwani barua hiyo isipojibiwa ritani haisogei.